Kumwita Vero

Jirani yetu wa upande wa juu ameamua kujenga ukuta wa tofali, na kabla fundi hajachimba msingi, vijana wawili walishinda kutwa nzima wakifyeka ua wa minyaa uliokuwapo tangu sijazaliwa. Nilikuwa sebuleni peke yangu, mlango wazi. Harufu ya utomvu ikaingia, kali, mbichi, ya kukereketa koo. Tuliokulia Babati tunaijua. Utotoni tulitishwa kwamba tone moja la maziwa yale likikuingia jichoni umekwisha, unakuwa kipofu, ndiyo maana hakuna mtoto aliyethubutu kupenya katikati ya minyaa. Mtoto akija kwenu alipita njiani kama mtu mzima, au alisimama nje ya ua akangoja.

Nilifunga mlango, lakini nilikuwa nimechelewa. Nilishamkumbuka Vero, na nikimkumbuka Vero siku yangu huwa imeharibika.

Tulikuwa darasa moja, dawati moja, hapa hapa Maisaka. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee wa mwanamke aliyeuza mitumba sokoni; baba alikuwa migodini Mererani na tulimwona mara mbili kwa mwaka, mara nyingine mara moja. Vero na mama yake walitoka Mutuka wakapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama Vero alishona nguo za shule kwa cherehani ya miguu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, Kiswahili chake kizito kidogo kama mtu anayechagua kila neno kabla ya kulitoa.

Mchezo wetu ulikuwa rede. Wasioujua niwaambie tu kwamba unahitaji watu watatu kwa uchache: wawili wanarushiana mpira, mmoja anakaa katikati, anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mkiwa wengi mnacheza kwa makundi. Mpira tulishona wenyewe kwa soksi kuukuu na matambara ya mitumba ambayo mama hakuweza kuyauza. Mimi nilikuwa mzito, nikipigwa mapema. Vero alikuwa mwembamba na mjanja, anajipinda hadi mpira unapita kwapani. Nikishatolewa nilikaa pembeni, yeye akijaza ile chupa peke yake, na akiimaliza kwa kanuni zetu ananiokoa, narudi uwanjani. Aliniokoa mara nyingi sana. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja.

Sasa nieleze habari ya kuitwa, maana bila hiyo hamtanielewa.

Jumapili moja Vero alishinda kwetu tangu baada ya kanisa. Mama akapakua wali na maharage, akamkuta Vero bado amekaa kwenye mkeka, akacheka, akasema, "Vero mwanangu, wewe huna kwenu?"

Ulikuwa utani. Mama yangu alikuwa hivyo, alimtania kila mtu, na huku anasema alishampakulia sahani imejaa. Vero alikula matonge mawili, akanawa, akasema ameshiba. Mimi nikamalizia chakula chake kwa furaha.

Kesho yake jioni Mama Vero akaja na bakuli limefunikwa kitambaa cheupe. Akabisha hodi, wakasalimiana vizuri, kisha akalikabidhi kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na wali na maharage.

"Ni chakula alichokula mwanangu jana," akasema.

Mama akataka kucheka, kicheko kikamkwama. "Jamani, Mama Vero, ule ulikuwa utani."

"Najua. Na mimi natania." Hakuwa anatabasamu. "Ila Vero hatakuja tena hapa bila kuitwa. Mkimtaka, mje mmwite. Anita huyu mwenyewe aje. Asitume mtu."

Mama Vero alipoondoka, mama alisonya, akasema maskini jeuri ni mzigo. Mimi nilidhani watu wazima wamebuni mchezo mpya, na nikaupenda. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba nyumba yetu ilikuwa imemvunjia heshima mtoto wa watu, na yule mama alikuwa ametupa njia ya kulipa kila siku kidogo kidogo, kwa miguu yangu.

Basi kila alasiri tukirudi shule nilivua sare, nikanawa uso na miguu, nikaenda kusimama kwenye mlango wao.

"Shikamoo, Mama Vero."

"Marahaba. Umetumwa au umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe. Nimekuja kumwita Vero."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

Ananitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ndala. Nyuma yake Vero ameshakuwa tayari, mpira mkononi, amekaza uso asicheke. "Haya, mchukue. Jua likishuka kwenye paa la kanisa umrudishe."

Na nilimrudisha, namshika mkono hadi mlangoni, kama mtu aliyeazima kitu cha thamani. Sijawahi tena maishani kuwa mtu wa maana kiasi kile.

Krismasi hiyo baba akaja na tableti. Siku hizi tunaambiwa ni kishikwambi. Sisi tuliita tableti, na mtaa mzima haikuwapo nyingine. Binamu yangu wa Arusha aliyekuja naye ndiye aliyeniwekea mchezo wa shamba. Unapanda mahindi, unamwagilia, unalisha kuku, unakamua ng'ombe, na kuna watoto wa kuchorwa wenye macho makubwa wanaokuja kukutembelea. Ukikaa muda bila kucheza, tableti inalia na maandishi ya Kiingereza yanatokea. Nilimuuliza binamu yanasemaje.

"Yanasema marafiki zako wanakungoja."

Nilimwamini, kwa nini nisimwamini? Nilikuwa na miaka tisa na Kiingereza cha "good morning teacher". Nikaona kuna watoto mahali fulani wanaoningoja mimi, na nikiwaacha, kuku wataumia kwa njaa. Binamu akarudi Arusha, baba akarudi migodini, shule ikafunguliwa, na mimi nikawa na majukumu.

Siku ya kwanza Vero aliniuliza darasani, "Leo utakuja kuniita?"

"Nitakuja."

Sikwenda. Nilipanga kulisha kuku kwanza, halafu mahindi yalikuwa yameiva, halafu mama akarudi na giza limeingia. Kesho yake akauliza tena, nikasema tena nitakuja. Sikuwa nadanganya, au ndivyo nilivyojiambia. Kila asubuhi nilikusudia kabisa kwenda. Aliniuliza wiki nzima na siku kadhaa za wiki iliyofuata, kwa sauti ile ile, bila kununa. Kisha akaacha kuuliza, na mimi nikashukuru, maana swali lile lilikuwa limeanza kunichosha.

Ndipo akaanza kuja kwenye minyaa.

Dirisha la sebule yetu linatazama njia. Alasiri nilijifungia ndani kama mama alivyoniagiza, nikakaa kwenye kochi, chaji ukutani maana betri haikukaa sana. Nikiinua macho nilimwona Vero amesimama ng'ambo ya ua, mahali ambapo matawi yalikuwa machache. Haongei. Mpira wa soksi ameupakata tumboni kwa mikono miwili. Anasimama pale mpaka jua linateremka, kisha anaondoka. Kesho anakuja tena.

Mimi nilidhani ana wivu. Niliona, kwa akili yangu ya wakati huo, mtoto ambaye kwao hawana hata redio amekuja kuchungulia tableti ya watu. Jioni nikamwambia mama, "Vero anakuja kuchungulia tableti."

Mama alikuwa anahesabu marobota ya mitumba akilini, amechoka. "Usimfungulie. Ukimfungulia mmoja watakuja kumi, wataivunja." Kisha akanipapasa kichwa. "Wewe kaa ndani, mwanangu. Umetulia siku hizi."

Neno hilo nililisikia mwaka mzima. Ametulia. Wamama wa jumuiya wakija kusali kwetu walinikuta kwenye kona yangu na kusema, Mama Anita, umebarikiwa, mtoto ametulia, hazururi, sio hawa wetu wanaoshinda mavumbini. Kwetu mtoto akipiga kelele ataonwa, akilia ataulizwa, akipigana ataitiwa mwalimu. Akitulia anasifiwa, na watu wanaendelea na mambo yao. Mimi nilikuwa nazama na mtaa mzima unanipigia makofi. Simlaumu mama. Alikuwa peke yake, alikuwa na hofu za mwanamke aliyeacha mtoto wa kike nyumbani kutwa, na tableti ilinikalisha ndani kama yaya asiyetaka mshahara. Leo nikisikia mtu anajisifu kwamba mtoto wake ametulia, namuuliza huyo mtoto anacheza na nani.

Kuna siku moja ambayo ningelipa chochote nirudishiwe. Vero alisimama pale, na mvua ya rasharasha ilikuwa inaanza. Nikakasirika. Nikanyanyuka, nikaenda dirishani na tableti, nikaiinua juu kioo kikimtazama, ili aione vizuri, aridhike, aende kwao. Nadhani nilikuwa natabasamu. Vero naye akainua mpira wake juu, hivi, akaushikilia. Tukatazamana, mimi na kioo changu, yeye na soksi zake. Nikavuta pazia.

Nilikaa nyuma ya pazia nikisubiri nione kama ataondoka. Baadaye tableti ikalia, marafiki zangu wananingoja, nikarudi kwenye kochi. Vero hakuja tena kwenye minyaa baada ya siku hiyo.

Mwalimu alipobadilisha madawati, Vero aliomba kukaa mbele. Wakati wa mapumziko nilijaribu mara mbili tatu kuingia kwenye rede, lakini nilikuta makundi yamekwisha kupangwa, na kanuni zimebadilika kidogo, na kuna nyimbo mpya ambazo sikuzijua. Nilipigwa mpira wa kwanza. Nikakaa pembeni kusubiri kuokolewa. Kengele ikalia nikiwa bado nimekaa. Baada ya hapo mapumziko niliyamalizia darasani nikichora kuku kwenye daftari, na mwalimu naye akaandika kwenye ripoti yangu kwamba mimi ni mwanafunzi mtulivu.

Tableti ilikufa nikiwa darasa la tano. Betri ilivimba hadi mgongo ukabenuka, fundi wa simu pale stendi akasema haina dawa. Nililia siku mbili, mama akadhani nalilia kifaa. Nilikuwa nalilia wale watoto wenye macho makubwa. Niliwaza wanafika shambani kwangu wanakuta mahindi yamekauka na mimi sipo. Siku ya tatu nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo, na nikakumbuka kwamba kuna mtu wa kweli, mwenye miguu, nyumba ya tatu.

Nikanawa uso na miguu. Nikaenda.

Cherehani ilikuwa inakwenda. Ilisimama aliponiona.

"Shikamoo, Mama Vero."

"Marahaba." Alinitazama muda mrefu, na mara hii macho yake hayakufika kwenye ndala. "Umetumwa au umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe. Nimekuja kumwita Vero."

Akatoa uzi kwenye sindano, akauzungusha kidoleni. "Unajua mwanangu alinililia mwaka jana. Alisema labda Anita mguu unamuuma, hawezi kufika hapa. Akaniomba asogee mpaka kwenye ua wenu. Nikamwambia haya, simama nje ya minyaa, usiingie. Akikuita hata kwa dirisha, hata jina tu, ingia. Itahesabika umeitwa." Akaniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Hukumwona?"

"Sikumwona," nikasema.

Yeye hakubisha. Alinamisha kichwa, akaita kwa Kiiraqw kuelekea uani. Vero akaja akifuta mikono iliyojaa povu la sabuni. Alikuwa amerefuka, amenipita. Akasimama kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje.

"Tableti imeharibika?" akaniuliza.

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali. Aliuliza kama unavyomuuliza mtu kama mvua imenyesha kwao. Nikaitikia kwa kichwa.

"Pole," akasema Vero, akarudi kufua.

Najua wengi wenu wa rika langu mna hadithi kama hii, na mnaisimulia mkicheka, kwamba tulikuwa watoto, yamepita. Sikatai. Wala sisemi tableti ndiyo iliyokosa. Tableti haina miguu. Mimi nilikuwa na miguu, na nyumba ilikuwa ya tatu. Ila kuna mambo mtu hujifunza akiwa na miaka minane, tisa, kumi, na yakimpita hapo hayarudi: namna ya kugombana na mtu jioni na kumfuata asubuhi, namna ya kumwomba mtu akuokoe. Wenzangu walijifunza hayo mavumbini. Mimi nilipokwenda sekondari, kisha chuo, nilikuwa kama mgeni anayetabasamu kwenye sherehe ya watu asiojua lugha yao. Watu waliniona mpole. Nilikaa chumba kimoja na wasichana watatu miaka miwili, na tulipomaliza hakuna aliyenipigia simu. Nimejaribu kujirekebisha. Nasalimia kwanza, nauliza habari za nyumbani, nakariri majina ya watoto wao. Kuna kitu kinakosekana nao wanakisikia, wanaaga kwa heshima.

Mama amefariki mwaka huu. Msiba ulijaa, wauza mitumba walifunga vibanda, jumuiya ililala kwetu usiku wote wa matanga, na ndugu wa baba walikuja hata kutoka Singida. Mimi nilikaa sebuleni kwenye godoro, mahali pa mfiwa. Kwa desturi yetu wa rika lako ndio wanaokaa ubavuni mwako pale, mmoja kulia mmoja kushoto, hawakuachi hata ukienda msalani. Shangazi alikuja mara mbili kuninong'oneza, "Wenzako wamefika?" Nikamwambia wako njiani. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfululizo, watu wa makundi yote niliyomo wakiandika pole, pole sana, Mungu akutie nguvu. Zilikuwa nyingi mno, sikuwahi kuzisoma zote.

Siku ya pili Vero akaja. Ameolewa Nangara, anashona kama mama yake. Alikuja na wanawake wenzake watano wamevaa kanga za aina moja, wakaanzia jikoni kumenya viazi, kisha yeye akaingia sebuleni peke yake. Akavua ndala, akaja kukaa kwenye godoro, upande wangu wa kulia, bega lake likagusa langu.

"Pole, Anita. Mama alikuwa mcheshi."

"Asante."

Hakuwa na haraka. Alikuwa amenyoosha miguu kama mtu aliyekuja kushinda. Nilikuwa nawaza la kumwambia, na nilikuwa nalo, miaka kumi na kitu nimekuwa nalo: nilikuona, Vero, kila siku nilikuona. Lilikuwa limeshafika kooni. Simu ikatetemeka mkononi. Sikukusudia. Macho yenyewe yalishuka, kidole chenyewe kikafungua, mtu nisiyemfahamu sura ameandika pole na alama ya mikono miwili, na mimi nikaanza kumwandikia asante.

Nilipoinua macho Vero alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga vizuri kiunoni. Uso wake haukuwa na lawama yoyote.

Ilibaki kusema neno moja. Ningemwita jina tu, angekaa.

"Asante kwa kuja," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akavaa ndala zake mlangoni, akarudi jikoni kwa wenzake. Baada ya muda nikawasikia wanaongea wote kwa pamoja, na mmoja wao, nadhani yeye, akacheka kwa sauti ya chini.